Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya ya uzazi: Nasi wanaume tupeni zamu

Kwa: Mawaziri wa afya, wasimamizi wa fedha za utafiti wa tiba, mamlaka za dawa, wakuu wa kampuni za dawa, na wote wanaoandaa miongozo ya uzazi wa mpango

Yah: Njia za kupanga uzazi kwa wanaume

Waheshimiwa,

Kwa heshima ninawaandikia mimi, mume wa mtu na baba wa watoto watatu. Hii ni barua yangu ya nne. Ya kwanza niliipeleka kwa mkuu wa kituo cha afya tunakohudumiwa, ya pili kwa ofisi iliyo juu yake, ya tatu kwa watunga miongozo. Mbili hazikujibiwa. Moja ilijibiwa kwa sentensi moja, kwamba suala langu limepokelewa na linafanyiwa kazi. Tangu hapo imepita miezi kumi na minne. Nimebisha hodi kila mlango, na sasa nasimama barazani niseme kwa sauti, kila apitaye asikie.

Kisa chenyewe si kirefu, na mke wangu ameniruhusu nikieleze. Amebeba uzazi wa mpango wa nyumba yetu kwa miaka kumi na moja. Alianza na vidonge, kichwa kikamsumbua. Akahamia sindano, damu ikawa inamtoka kidogo kidogo wiki hadi wiki, kisha ikakoma kabisa, akabaki na wasiwasi kila mwezi. Akawekewa kijiti mkononi, uzito ukapanda na furaha ikashuka. Sasa ana kitanzi, na siku zake zimekuwa nzito na za maumivu. Kila alipokwenda kubadilisha, mimi nilikaa kwenye benchi la nje nikimshikia mkoba. Mwaka juzi aliniambia kwa upole kabisa: “Baba Neema, mwili wangu umechoka. Safari hii ni zamu yako.”

Nilikubali palepale. Sikujua kwamba kukubali ndiko kungekuwa kazi nyepesi kuliko zote.

Nilipofika kituoni na kusema nimekuja kupanga uzazi, niliulizwa mama yuko wapi. Nikaeleza kuwa nimekuja kwa ajili yangu. Mhudumu, dada mwenye adabu ambaye simlaumu hata kidogo, alifungua daftari akakuta halina pa kuniandika. Akanipa boksi la kondomu akasema, “Kaka, kwa wanaume ni hizi tu, au ufunge moja kwa moja.” Wakati ule tulikuwa bado tunafikiria mtoto wa nne, kwa hiyo nilichukua kondomu nikaondoka. Baada ya mwaka tulikaa tukakubaliana kwamba watatu wanatosha, nikarudi kuomba kufunga. Nikaambiwa bado kijana, nitajuta. Mara ya pili nikaambiwa mtaalamu hayupo, nirudi. Mara ya tatu nikaulizwa, mbele ya watu, kama nimefikiria nguvu zangu za kiume.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma na kuandika barua. Malalamiko yangu ni haya.

1. Wanaume tuna njia mbili tu za kitaalamu, na kati yake hakuna kitu.

Mwanamke akiingia kliniki, angalau kwenye karatasi, kuna vidonge, sindano, vijiti, kitanzi cha shaba, kitanzi cha homoni, na kufunga mirija. Hata hizo hazimtoshi, na wala sisemi ana raha. Mwanaume ana kondomu na ana vasektomi, yaani kufungwa mirija ya mbegu, basi. Kumwaga nje si huduma ya mtu yeyote. Ni watu kujitafutia njia pale walipokosa nyingine, na katika kila wenzi 100 wanaoitegemea kwa mwaka, wapatao 20 hupata mimba.

Kondomu ni kitu cha thamani, na ndiyo pekee kati ya hizi inayokinga pia Virusi vya Ukimwi na magonjwa mengine ya ngono. Lakini jinsi watu wanavyoitumia katika maisha ya kawaida, wenzi wapatao 13 kati ya 100 hupata mimba ndani ya mwaka. Vasektomi inashindwa kwa chini ya mtu mmoja kati ya 100, ila mtu anatakiwa aichukulie kuwa ya kudumu. Kurudishia mirija kunawezekana, lakini hakuna daktari mkweli atakayekuahidi kwamba utazaa tena. Kwa hiyo kijana wa miaka 25 anayependa mwenzake na hataki mtoto kwa miaka mitano ijayo hana chochote cha kwake zaidi ya kondomu. Hapo mzigo unarudi kwa mwenzake, hata kama kijana mwenyewe ameunyooshea mikono.

Matokeo ya hali hiyo yanaonekana kwenye hesabu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2019. Wanawake waliokuwa wakitegemea kufungwa mirija walikuwa milioni 219. Waliotegemea vasektomi ya wenzi wao walikuwa milioni 16. Mtu anayefahamu upasuaji huu miwili anajua jinsi hesabu hiyo ilivyopinduka: wa mwanamke unaingia tumboni, wa mwanaume unafanyika kwa ganzi ya sehemu moja, kwa takriban nusu saa, na mtu anarudi kwake siku hiyohiyo.

2. Hata hiyo vasektomi iliyopo, mnatunyima kwa ukimya.

Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, maana ndipo ninapoumia zaidi. Vasektomi si teknolojia ya kesho. Njia ya kuifanya bila kisu ilibuniwa na daktari Li Shunqiang nchini China mwaka 1974: tundu dogo kwenye ngozi, mirija miwili inavutwa, inakatwa na kuzibwa. Hakuna kinachoguswa kwenye korodani. Homoni za kiume zinaendelea kutengenezwa na kuingia kwenye damu kama kawaida. Mbegu ni sehemu ndogo sana ya manii, kwa hiyo mwanaume hata haoni tofauti. Hamu inabaki, nguvu inabaki. Wapo wachache wanaobaki na maumivu ya muda mrefu, nao wanastahili kuambiwa hilo kabla ya kukubali. Na lazima wenzi waendelee na kinga nyingine kwa miezi kama mitatu, mpaka manii yapimwe na kuonekana hayana mbegu.

Maelezo hayo yametosha aya moja. Mimi nilizungushwa zaidi ya mwaka bila mtu kuniambia hata nusu yake. Nilichoambiwa ni maswali ya kunitisha. Mitaani, neno linalotumika ni kuhasiwa. Ng'ombe anahasiwa, mwanaume aliyefanyiwa vasektomi hajahasiwa, na mtu aliyesomea afya anaijua tofauti. Anapokaa kimya, au yeye mwenyewe anapouliza habari za nguvu za kiume mbele ya foleni, uvumi unapata muhuri wa serikali.

Tena milango yetu yenyewe imeandikwa mama na mtoto. Sisemi mlango huo ubadilishwe jina ili wanaume wafurahi. Mama na mtoto wanahitaji mahali pao. Nasema na sisi tuwekewe mlango, au hata saa mbili kwa wiki na mtu aliyefunzwa.

3. Utafiti unaanza, unakaribia kufika, kisha mnauacha njiani.

Kidonge cha wanawake kiliidhinishwa Marekani mwaka 1960. Watu huambiwa kwamba cha wanaume kimechelewa kwa sababu mwili wetu ni mgumu: mwanamke hutoa yai moja kwa mwezi, mwanaume hutengeneza mamilioni ya mbegu kila siku. Ni kweli, lakini jibu la ugumu huo lilipatikana zamani. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya wanaume waliochomwa sindano ya testosteroni, homoni ya kiume, kila wiki. Kati yao 157 mbegu zao zilitoweka kabisa, wakaitegemea sindano hiyo peke yake kwa mwaka. Mimba iliyotunga ilikuwa moja. Kabla sijaoa, kabla simu za mkononi hazijaenea, tayari ilikuwa inajulikana kwamba jambo hili linawezekana.

Miaka minne baadaye, mkutano wa Cairo wa 1994 kuhusu idadi ya watu na maendeleo ulipitisha maneno mazuri kuhusu wajibu wa wanaume katika uzazi wa mpango, na serikali 179 zikayakubali. Maneno hayo bado yapo. Kilichofuata kilikuwa kuanza na kuacha. Kampuni ya dawa ya Bayer ilipoinunua kampuni mwenzake Schering mwaka 2006, utafiti wa njia za wanaume uliokuwa ukiendelea ulisitishwa. Nchini India, Profesa Sujoy Guha alianza miaka ya 1970 kufanyia kazi dawa inayodungwa ndani ya mrija wa mbegu ili kuziharibu zikipita. Matokeo ya hatua ya tatu ya majaribio, kwa wanaume 303, yamechapishwa mwaka 2023. Mtu ametumia maisha yake yote ya kazi kwenye wazo moja, na bado wenzi hawaikuti kliniki.

Sasa hivi kuna tumaini, na kwa sababu hiyo barua hii ina haraka. Kuna jeli ya homoni mbili, nestoroni na testosteroni, ambayo mwanaume anajipaka mabegani kila siku. Jaribio lake lilianza mwaka 2018 kwa wenzi wa nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, na matokeo yaliyotangazwa 2024 yalionyesha kwamba asilimia 86 ya wanaume walishuka hadi mbegu milioni moja au chini kwa mililita ndani ya wiki 15, kiwango kinachohesabiwa kuwa kinga ya kutosha. Kuna pia kidonge kisicho na homoni, YCT-529, kinachozuia vitamini A isiwashe utengenezaji wa mbegu. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya kwanza ya usalama wake kwa wanaume 16, na hayakuonyesha tatizo kubwa. Ni mwanzo tu, na wanaume 16 hawatoshi kumwambia mtu lolote kuhusu kuzuia mimba. Ninachoogopa ni kwamba jeli hii na kidonge hiki vitaishia palepale vilipoishia vilivyotangulia: mbele ya jaribio kubwa la mwisho, ambalo ni ghali na hakuna anayetaka kulilipia.

4. Mizani mnayopimia madhara haiko sawa.

Kati ya mwaka 2008 na 2012, katika nchi saba, wanaume 320 walishiriki jaribio la sindano ya homoni mbili kila baada ya wiki 8. Sindano ilifanya kazi: mimba 4 tu zilitunga katika kipindi cha kuitegemea. Baadhi ya wanaume walipata chunusi, maumivu ya misuli, na hisia kubadilika-badilika, wengine hadi huzuni nzito. Wengi mbegu zao zilirudi ndani ya mwaka, wachache zikachelewa. Mwaka 2011 kamati huru ya usalama ilishauri sindano zisimamishwe. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2016 tukasoma kwamba zaidi ya robo tatu ya washiriki walisema wangekuwa tayari kuendelea kuitumia.

Sidharau kamati ile. Huzuni nzito si jambo dogo, na mtu aliyejitolea mwili wake kwa utafiti lazima alindwe. Lakini niliposoma orodha ile ya madhara nilimsomea mke wangu kwa sauti, naye akaanza kuhesabu kwa vidole: hili nililipata kwenye kijiti, hili kwenye sindano, hili ninalo sasa. Kliniki waliyaita maudhi madogo madogo, wakamwambia yatazoeleka. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa miaka kumi na moja nami nilikuwa nikimwona amebeba usufi.

Najua hoja ya kitaalamu iliyopo. Dawa ya mwanamke inapimwa dhidi ya hatari za mimba, ambazo ni kubwa na wakati mwingine zinaua, kwa hiyo madhara fulani yanavumilika. Dawa ya mwanaume inapimwa dhidi ya mwanaume mzima asiyekabiliwa na hatari yoyote, kwa hiyo hata dhara dogo linaonekana kubwa. Hoja hiyo ina kosa moja: inamtenga mwanaume na mwenzake kana kwamba hawalali kitanda kimoja. Mimba ninayoizuia mimi ni hatari ninayomwondolea yeye. Kijiti nisichomlazimu kuvaa ni maudhi niliyomwondolea. Hesabu ya haki ingeweka miili yote miwili kwenye mizani moja, na kumwachia mtu mzima aliyeelezwa vizuri achague anachoweza kuvumilia. Vidonge vya kwanza vya wanawake vilikuwa na homoni nyingi kupita kiasi na vikagandisha damu za wengine, lakini havikutupwa. Vilipunguzwa nguvu na kuboreshwa. Kwa nini cha wanaume kikikwaa kinaachwa?

5. Malipo.

Hili nalitaja kwa ufupi. Mara nyingi sheria zinazosaidia kulipia uzazi wa mpango zinamtazama mwanamke peke yake. Hata Marekani, sheria ya bima ya afya ya 2010 inawalazimu wenye bima kugharamia njia za wanawake, kufunga mirija kukiwemo, ila haiwalazimu kugharamia vasektomi. Maana yake sheria inawasukuma wenzi kuchagua upasuaji mkubwa badala ya mdogo.

Waheshimiwa, majibu yenu nayajua, kwa sababu mengine nimeshaambiwa uso kwa uso.

Mtasema wanaume hawatatumia. Rudini kwenye hesabu ileile ya 2019. Jumlisheni waliotegemea kondomu, milioni 189, kumwaga nje, milioni 47, na vasektomi, milioni 16. Ni zaidi ya robo ya watu milioni 922 waliokuwa wakipanga uzazi duniani. Wote hao tayari wanategemea mwanaume atimize sehemu yake, na kwa zana duni. Wapo wanaume wasiotaka, na huko kwenye mabenchi ya kliniki nimewasikia. Wasiotaka wasilazimishwe. Lakini huwezi kusema watu wamekataa chakula ambacho hujawahi kukipakua.

Mtasema wanawake hawatatuamini. Wengine hawataamini, na wana sababu. Anayebeba mimba ni mwanamke. Hakuna anayemtaka mwanamke aache njia yake ili amtegemee mtu asiyemwamini. Wenzi wanaweza kutumia njia mbili kwa pamoja, na walio kwenye ndoa ndefu kama yetu wanajuana vya kutosha. Mke wangu ananiamini. Mfumo wenu ndio ulioniuliza yuko wapi.

Mtasema fedha ni chache na za wanawake bado hazitoshi. Hapa nakubaliana nanyi, na nasisitiza: msipunguze hata kidogo kwenye njia za wanawake ili kutupa sisi. Atakayefanya hivyo kwa kutumia barua yangu atakuwa ameipindua. Lakini Shirika la Idadi ya Watu la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2022 kwamba karibu nusu ya mimba zote duniani, yaani milioni 121 kwa mwaka, hazikukusudiwa. Kwa hasara ya ukubwa huo, njia mpya si anasa.

Na wapo watakaokumbusha yaliyotokea India wakati wa hali ya hatari ya 1975 hadi 1977, ambapo mamilioni ya wanaume walifungwa uzazi, wengi kwa shinikizo na vitisho. Nawashukuru watakaokumbusha. Ndiyo maana neno ninalotaka liandikwe kwanza kwenye kila mwongozo ni hiari: hakuna zawadi ya kumshawishi maskini, hakuna idadi ya kufikiwa, hakuna kumfunga mtu ambaye hajaelewa.

Kwa hiyo ninaomba, na naomba nijibiwe moja baada ya jingine:

(a) Kila kituo kinachotoa uzazi wa mpango kiwe na mhudumu aliyefunzwa kumsikiliza mwanaume faragha, na daftari lenye nafasi ya kumwandika.

(b) Vasektomi itolewe kwa masharti yasiyozidi yale ya kumfunga mwanamke mirija, pamoja na kipimo cha manii baada yake. Kama kituo hakina mtaalamu, mtu aandikiwe rufaa siku hiyohiyo badala ya kuambiwa arudi.

(c) Wenye fedha za utafiti watangaze hadharani kila mwaka ni kiasi gani wametenga kwa njia za wanaume, na nani atalipia majaribio ya mwisho ya jeli na ya dawa zinazoifuata.

(d) Mamlaka za dawa ziandike wazi vigezo vya kuidhinisha njia ya mwanaume, na ziseme kama hatari anayoondolewa mwenzake itahesabiwa. Kampuni haziwezi kulenga goli lisilo na milingoti.

(e) Vijana wa kiume wafundishwe shuleni jinsi mbegu zinavyotengenezwa na zinavyozuilika, wasingoje kuyasikia mtaani.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 90. Kama mna sababu ya kukataa ombi lolote, iandikeni. Nitaisoma kwa makini na nitaichapisha kama ilivyo, bila kuongeza neno.

Mke wangu ana miadi ya kutolewa kitanzi mwezi ujao. Nimemwahidi kwamba hatawekewa kingine. Asubuhi ya siku hiyo tutakwenda wote, na sitakaa kwenye benchi la nje. Nitaingia naye, nitaomba vasektomi kwa mara ya nne, na nitakuwa na nakala ya barua hii mfukoni.

Wenu katika kutafuta haki ya afya,

Baba Neema